Mguu Mmoja Ukivimba: Majibu kwa Wasomaji wa Moshi na Arusha

Barua za mwezi huu karibu zote zina sentensi moja: mguu umevimba, nikapewa dawa ya kukojoa, haujapungua. Hatushangai. Dawa ya kukojoa hupunguza maji mwilini, lakini mshipa ulioziba hauzibuliwi na mkojo. Miguu yote miwili ikivimba, kwa kawaida tunaanza kutazama moyo, figo, ini, au dawa ambazo mgonjwa anameza. Ukivimba mmoja tu, kuna mahali njia ya kurudisha damu au majimaji imebanwa, imeziba, au haikuumbwa sawasawa. Anayekutibu muulize pameziba wapi, kabla hujamuuliza umeze nini.

Shikamoo daktari. Nina miaka 27, huu ni uzazi wangu wa kwanza, na niko Machame kwa mama mkwe. Siku ya 16 baada ya kujifungua, mguu wa kushoto ulivimba kuanzia kinena hadi vidoleni. Niliambiwa ni mambo ya uzazi, nikakandwa maji ya moto. Nilipokwenda hospitali nikapigwa ultrasaundi, majibu yakasema hakuna damu iliyoganda kuanzia kinena hadi goti. Sasa ni wiki ya tano. Nikisimama mguu unakuwa wa zambarau na mzito. Bado nanyonyesha. Shida ni nini? — Mama mzazi, Machame

Marahaba mama, na hongera kwa mtoto. Tunaomba uende hospitali ya rufaa leo, usingoje kliniki ya wiki ijayo, na kuanzia sasa mguu huo usikandwe wala kuchuliwa. Mguu mzima kuvimba ghafla ndani ya wiki sita za uzazi huhesabiwa kuwa damu iliyoganda hadi ithibitishwe vinginevyo, na donge likichuliwa linaweza kuchomoka na kupanda hadi mapafuni. Ukihisi kifua kinachoma unapovuta pumzi, pumzi ikikatika, ukikohoa damu au ukazimia, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Vivyo hivyo mguu ukiwa wa buluu, ukakaza kama ubao na maumivu yasivumilike: hapo hata damu ya kuingia inaanza kukosa njia, na mguu wenyewe unaweza kupotea.

Sasa tuje kwenye majibu yako ya ultrasaundi. Huenda ni ya kweli kabisa na bado hayatoshi. Mpimaji hukandamiza mshipa kwa kifaa chake: vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ikiwa nzima hulala bapa kama mpira wa baiskeli usio na upepo, yenye donge hukataa kulala. Njia hiyo inafanya kazi vizuri pajani na nyuma ya goti. Juu ya kinena mshipa unazama ndani ya nyonga, nyuma ya utumbo wenye gesi, na hapo hakuna namna ya kuukandamiza. Mguu wako umevimba kuanzia kinena. Maana yake pa kutazamwa ni juu ya mahali kipimo kilipokomea.

Hata bila kuona nyonga, mpimaji mwenye Dopla, yaani ultrasaundi inayosikiliza mwendo wa damu, anaweza kupata dalili pale pale kinenani. Kwa mtu mzima wa afya, mlio wa damu katika vena ya paja hupanda na kushuka kwa kufuata pumzi. Njia ya juu ikiwa imeziba, mlio unanyooka, haujali umevuta pumzi au umeishusha. Mwombe alinganishe upande wa kushoto na wa kulia na aandike alichokiona. Ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi hairukwi kwa kutojulikana bali kwa sababu fomu iliyotoka wodini iliandikwa tu “mguu wa kushoto, kuna donge?”

Kwa nini kushoto? Mwaka 1851 Rudolf Virchow wa Ujerumani aliandika kwamba damu huganda mguu wa kushoto mara nyingi zaidi, karibu mara tano kuliko wa kulia. Mwaka 1957 May na Thurner, wa Austria, walichunguza maiti 430 na kukuta karibu 22 kati ya kila 100 wana makovu kama vijiti ndani ya vena ya nyonga ya kushoto. Sababu ni ramani ya mwili. Ateri kubwa ya nyonga ya kulia, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hupita juu ya vena hiyo, na nyuma yake kuna pingili ya tano ya kiuno. Vena inabaki katikati, laini, kati ya bomba linalopiga mapigo na mfupa. Miaka ikipita kuta zake hugusana, zinasuguana, na kovu huota ndani. Hali hii inaitwa sindromu ya May-Thurner. Huonekana zaidi kwa wanawake wa miaka 20 hadi 40 na kitu, na mara nyingi hujitokeza baada ya uzazi, kwa kuwa mimba imeikandamiza nyonga kwa miezi na damu ya mzazi huganda upesi kuliko kawaida, ili asitoke damu nyingi akijifungua.

Hapo huku kwetu tunaongeza jambo. Mzazi wa Kichaga hulazwa vizuri, huletewa mtori kitandani, na kila anayeingia humwambia asishuke. Mtori haudhuru, kulala siku nzima ndiko kunakodhuru. Mzazi ashuke kitandani siku ile ile ikiwa hali inaruhusu, atembee ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, na anywe maji ya kutosha. Mama mkwe mwonyeshe aya hii.

Kipimo kinachofuata ni CT ya mishipa, au MRI mahali ilipo. Fomu iandikwe wazi kwamba kinachotafutwa ni vena za nyonga na vena kava ya chini (bomba kuu linalorudisha damu ya miguu moyoni), picha zichukuliwe dawa ya rangi ikiwa imefika kwenye vena. Zikichukuliwa mapema, dawa ikiwa bado kwenye ateri, vena itaonekana nyeusi na mtu anaweza kuandika “donge” mahali ambapo hakuna. Kreatinini ya figo ipimwe kwanza. Kunyonyesha hakulazimu kukatizwa kwa sababu ya dawa hiyo ya rangi. Kile kipimo cha damu kiitwacho D-daima hakitakusaidia sasa, kwa sababu kwa mzazi huwa juu hata kama hakuna donge. Na picha hizo hizo zitazame kizazi, mayai na tezi: uvimbe wa kizazi, saratani ya mlango wa kizazi au tezi za kifua kikuu tumboni zinaweza kuibana vena hiyo hiyo, na hizo si nadra hata kidogo. Hatupendi kumpa mtu jina la ugonjwa adimu kabla ya kuondoa ule wa kila siku.

Matibabu hayasubiri picha. Kwa kawaida huanzwa enoksaparini, sindano ya kuzuia damu kuganda, miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12. Mama wa kilo 70 hupata miligramu 70 asubuhi na 70 jioni. Warfarini, kidonge cha kazi hiyo hiyo, huanzishwa pamoja nayo, na sindano haziachwi mpaka zimekwenda siku 5 angalau na INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani, kimefika 2 au zaidi kwa saa 24. Lengo ni kati ya 2 na 3. Kosa tunaloliona sana ni kuanza warfarini peke yake: siku za mwanzo huweza kuongeza kuganda badala ya kupunguza. Warfarini na heparini (jamii ya enoksaparini) zote zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Vidonge vipya kama rivaroksabani havishauriwi kwako kwa sasa, vinaingia kwenye maziwa.

Ukiwa kwenye warfarini, mchicha, mnafu na kisamvu kula, ila kiasi kile kile kila wiki. Vitamini K iliyomo ndiyo inayopambana na dawa, kwa hiyo wiki ya mboga kila siku ikifuatwa na wiki ya nyama tupu huvuruga INR. Metronidazo, Septrini na flukonazo huipandisha, na wewe unaweza kuandikiwa yoyote kati ya hizo baada ya uzazi. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Diklofenaki na aspirini usijinunulie dukani.

Dawa hizi huzuia donge kukua. Zenyewe haziliyeyushi, mwili ndio hufanya kazi hiyo polepole, na kamwe haziondoi ule mbano wa ateri. Donge likiwa changa, chini ya siku 14, katika vituo vyenye uwezo linaweza kuyeyushwa kwa mrija unaopitishwa ndani ya vena, lakini mzazi aliyejifungua karibuni ana hatari ya kutoka damu, kwa hiyo uamuzi huo hupimwa kwa makini. Wewe umeshapita muda huo. Kinachobaki, ikiwa mguu utaendelea kukusumbua baada ya miezi 3 ya dawa na picha zikaonyesha mbano, ni kupanuliwa vena kwa puto na kuwekewa stenti, yaani kibomba cha waya. Stenti ya hapo huwa na kipenyo cha milimita 14 hadi 16. Ile ya moyo ni ya milimita 3 hivi, kwa hiyo usikubali mtu aseme “stenti ni stenti”. Ikiwa nyembamba mno hubaki na mbano au huhama. Baada yake dawa za kuzuia kuganda huendelea kwa miezi. Mtu aliyekutwa na mbano kwenye picha bila dalili yoyote hana haja ya stenti. Kumbuka wale 22 kati ya 100.

Anzia KCMC, ndiyo ya rufaa ya kanda na iko karibu nawe. Ikibidi kazi ya mrija na stenti, omba barua ya rufaa ikupeleke kwa daktari wa mishipa, Dar es Salaam. Uzazi wa mpango: epuka vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kitanzi cha shaba au kijiti kinakufaa. Na mimba ijayo, sema habari hii kliniki siku ya kwanza, kwa kuwa utahitaji sindano za heparini za kujikinga, na warfarini haifai kwa mimba changa.

Mtoto wetu wa kiume ana miaka 4. Alizaliwa na doa jekundu la rangi ya divai kuanzia nyonga hadi ugokoni, mguu wa kulia. Sasa mguu huo ni mnene na mrefu kuliko mwenzake, na upande wa nje kuna mshipa mkubwa umetokeza. Ndugu wanasema mama yake alivunja mwiko akiwa mjamzito. Daktari mmoja alitaka kuondoa ule mshipa. Tukubali? — Baba mtoto, Usa River

Msikubali bado. Mambo matatu uliyoyataja, yaani doa, mshipa wa upande wa nje, na mguu kukua kuliko mwenzake, ndiyo yaliyoelezwa mwaka 1900 na Wafaransa wawili, Klippel na Trenaunay, na sindromu hiyo ina majina yao hadi leo. Mama yake hakuvunja mwiko wowote. Chanzo ni badiliko katika jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) iitwayo PIK3CA lililotokea kwenye seli moja ya mtoto baada ya mimba kutunga, nayo seli hiyo ikazaa sehemu ya mguu. Ndiyo maana mguu mmoja tu umeguswa, na ndiyo maana watoto mtakaozaa baadaye hawapo hatarini kwa sababu ya huyu.

Kuhusu mshipa: ule wa nje umebaki kutoka maisha ya tumboni, ulipaswa kufifia kabla hajazaliwa. Kwa baadhi ya watoto hawa vena za ndani ni nyembamba, zina kasoro, au hazipo kabisa, na mshipa huo mbaya wa nje ndio njia kuu ya damu kurudi moyoni. Ukiutoa kabla ya kujua, mguu huvimba kuliko mwanzo. Kwa hiyo Dopla kwanza, kisha MRI inayoonyesha vena za ndani, misuli na mifupa kwa pamoja. Zikithibitika kuwa nzima, hapo mazungumzo ya kuufunga mshipa wa nje yanaweza kuanza, na bado hakuna haraka kwa mtoto wa miaka 4.

Kabla ya hapo fanya uchunguzi wa mkono. Weka kiganja juu ya sehemu iliyovimba. Ikiwa ni ya moto waziwazi kuliko mguu mwingine, au unahisi mtetemo kama paka anayekoroma, mwambie daktari: hiyo huashiria ateri zinazomwaga damu moja kwa moja kwenye vena. Huo ni ugonjwa mwingine, uitwao Parkes Weber, nao huuchosha moyo. Matibabu yake ni tofauti kabisa.

Urefu wa miguu upimwe kila miezi 6 na uandikwe. Njia rahisi: asimame wima, miguu pamoja, mwekee vibao vyembamba vya unene unaojulikana chini ya mguu mfupi mpaka nyonga zilingane, unene wa vibao ndio tofauti. Chini ya sentimita 2 kwa kawaida haihitaji kitu. Ikizidi hapo, kiatu cha mguu mfupi hujazwa, sentimita 1 kwa ndani na iliyobaki kwenye soli ya nje, vinginevyo kisigino kitakuwa kinachomoka. Fundi viatu wa mtaani anaweza kubandika soli, lakini kipimo kitoke karakana ya viungo bandia. Moshi mna bahati, TATCOT, chuo cha mafundi wa kazi hiyo, kipo hapo hapo KCMC. Akikaribia kubalehe, daktari wa mifupa anaweza kusimamisha sehemu ya kukua ya mfupa karibu na goti la mguu mrefu ili ule mfupi uufikie. Hiyo ina wakati wake. Akishamaliza kukua fursa hiyo imepita, ndiyo maana tunasisitiza daftari la vipimo.

Nyumbani: doa likitoa damu, mlaze, inua mguu juu ya usawa wa moyo, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya goti; kwa vena kamba huongeza kutoka damu. Ngozi ikiwa nyekundu zaidi, ya moto, na mtoto ana homa, ni maambukizi ya ngozi na anahitaji antibayotiki siku hiyo. Soksi za kubana huanza anapoweza kuzivumilia, nazo huhitaji kupimwa upya kila anapokua. Ipo dawa, sirolimusi, inayopunguza ukuaji na maumivu kwa baadhi ya watoto wenye hali nzito. Hudhoofisha kinga na hupimwa kiwango chake kwenye damu, kwa hiyo si ya kuagiza kwa simu.

Mimi ni mpagazi wa mlimani, miaka 23, nakaa Marangu. Baada ya safari ya siku sita miguu yote miwili ilivimba hadi mapajani na mgongo wa chini ukauma sana. Waliniambia ni uchovu. Wiki mbili zimepita. Nina mishipa imetokeza tumboni, tangu zamani, sikuijali. — Kijana wa Marangu

Kijana, mishipa ya tumboni ndiyo habari kubwa katika barua yako. Uchovu wa kubeba hauvimbishi hadi mapajani kwa wiki mbili.

Chagua mshipa mmoja ulionyooka chini ya kitovu. Weka vidole viwili pamoja juu yake, kisha kimoja kibaki pale pale kimebana na kingine kiteleze kikisukuma damu, upate kati yao kipande cha sentimita 3 kilicho kitupu. Achia cha chini. Ukijaa haraka, damu inatoka chini kwenda juu. Rudia, uachie cha juu. Chini ya kitovu, damu inayopanda kwa nguvu kwenye mishipa iliyotanuka inaashiria kwamba vena kava ya chini, bomba kuu linalorudisha damu ya miguu, ina kizuizi, na mishipa ya ngozi imekuwa njia ya mchepuko. Kwa mgonjwa wa ini, kwa mfano aliyeharibiwa na kichocho, mishipa ya chini ya kitovu hushuka.

Wapo watu wachache ambao sehemu ya vena kava haikuumbwa, au iliziba utotoni. Wanaishi bila kujua kwa sababu damu hupita kwenye mishipa ya mgongoni na ya tumboni. Kisha siku moja, kijana mwenye nguvu, baada ya kazi nzito na kupungukiwa maji, mchepuko unazidiwa na damu inaganda miguu yote miwili. Maumivu ya mgongo ni ile mishipa ya kando iliyojaa. Mlimani hewa kavu, jasho na kunywa maji machache ili usisimame njiani vyote vinaingia humo.

Kabla ya kufika huko, mkojo wako upimwe protini kwa kijiti cha kuchovya, ni kipimo cha bei ndogo na cha dakika moja. Figo zinazovuja protini huvimbisha miguu yote na pia hugandisha damu. Kisha Dopla ya miguu yote miwili na CT ya tumbo na nyonga. Ikithibitika, matibabu ni dawa za kuzuia kuganda, mara nyingi maisha yote, kwa kuwa kasoro haiondoki. Wewe hunyonyeshi, kwa hiyo rivaroksabani inawezekana: miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, halafu 20 mara moja, daima pamoja na chakula, la sivyo mwili hauifyonzi vizuri. Kosa la kawaida ni kuendelea na dozi ya mwanzo mwezi mzima, au kuishusha baada ya wiki moja kwa sababu dawa ni ghali.

Mlimani usirudi kwa sasa. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, na hata hizo hazikufai mpaka dawa zimetulia na mguu umepungua. Anayemeza dawa hizi akianguka kichwa mahali pa mbali na hospitali yuko taabani. Kazi ya jikoni kambini ni mlima ule ule, kwa hiyo haihesabiki kuwa nafuu.

Nakimbia mbio ndefu, Njiro. Kigimbi cha kulia hujaa na kukaza baada ya kilomita 8, nikipumzika kinapungua. Ultrasaundi ni safi. — Mkimbiaji

Huenda ulipimwa umelala na mguu umelegea. Omba upimwe tena nyuma ya goti, goti limenyooka, kwanza mguu umelegea kisha ukisukuma vidole chini kama unakanyaga breki. Kwa watu wachache kichwa cha msuli wa kigimbi kimejishikiza pasipo pake na huibana vena kila kinapokaza. Tahadhari: hata wazima wengi huonyesha mbano katika mkao huo, kwa hiyo picha peke yake haitoshi kukupeleka kisuni, dalili zako na picha ziende pamoja. Mpimaji atazame pia uvimbe wa majimaji nyuma ya goti, na kama vena yenyewe imetanuka kama puto. Ikifika sentimita 2 au zaidi, huoperewa hata kama haiumi, kwa kuwa hutupa madonge mapafuni. Vyote vikiwa safi, mweleze daktari habari ya shinikizo la misuli, maana hilo nalo hujaza kigimbi wakati wa mbio.

Nilipata damu kuganda mguuni miaka 3 iliyopita. Sasa ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi na inawasha, jioni mguu hujaa. Nilinunua soksi za kubana lakini zinakata chini ya goti, na bandeji huteleza. Nina kisukari. Nifanyeje? — Mwalimu mstaafu, Ngaramtoni

Shikamoo mwalimu. Weusi na mwasho huo umetokana na vali za vena, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi chini, zilizoharibiwa na lile donge. Damu hurudi chini, shinikizo linapanda, chembe nyekundu zinavuja na kuacha chuma chake ngozini. Hatua inayofuata, ikiachwa, ni kidonda upande wa ndani wa kifundo. Kwa hiyo kubana ni sahihi, ila kwa mwenye kisukari kuna kipimo kimoja kinachotangulia.

Apimwe presha ya mkono na presha ya kifundo, zote kwa Dopla ndogo ya mkononi, akiwa amelala dakika 10. Gawanya ya kifundo kwa ya mkono. Mathalani kifundo 90, mkono 130: jibu ni 0.69. Chini ya 0.8 hakuna kubana kwa nguvu ya kawaida, na chini ya 0.5 hakuna kubana kabisa, kwa sababu ateri ndizo zilizoziba na ukibana utakausha mguu. Jibu likizidi 1.3 usifurahi. Ateri za mwenye kisukari hukakamaa kwa chokaa na kudanganya kipimo. Hapo presha hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu. Pia mtu akuguse nyayoni kwa pamba ukiwa umefumba macho: kama huhisi, huwezi kujua soksi inapokukata, na mtu akukague miguu kila jioni.

Soksi zako zinakata kwa sababu hazikupimwa. Pimwa asubuhi kabla ya kushuka kitandani, kwa utepe wa fundi cherehani: mzunguko wa sehemu nyembamba kabisa juu ya vifundo, mzunguko wa kigimbi mahali kilipo kinene, na urefu kutoka kisigino hadi mkunjo wa nyuma ya goti. Linganisha na jedwali la kiwanda kilichozitengeneza, kila kiwanda kina lake. Nguvu ya kuanzia kwako ni milimita 20 hadi 30 za zebaki. Za 30 hadi 40 ni kwa mguu uliozidiwa, na mtu wa umri wako asiye na msaidizi mara nyingi hushindwa kuzivaa, akaziweka kabatini. Soksi dhaifu inayovaliwa inashinda kali iliyo kabatini. Zikiwa ndefu usikunje ukingo wa juu: mikunjo miwili inabana mara mbili, na huo ndio mkato wako.

Kuvaa: geuza soksi ndani nje hadi kisigino, ingiza mguu, kisigino kikae mahali pake, kisha panda polepole kwa viganja ukiwa umevaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Glavu hukamata kitambaa, kucha hazikitoboi. Mafuta ya ngozi yapakwe usiku, asubuhi huharibu mpira na kufanya soksi iteleze. Ifue kwa mkono, anika kivulini, na baada ya miezi 6 nunua nyingine.

Bandeji huteleza kwa sababu ile nyepesi ya krepu ya duka la dawa huchoka ndani ya saa chache. Tafuta ya mvuto mfupi, upana wa sentimita 10. Kunja kifundo kiwe pembe mraba, anza kwenye shina la vidole kwa mizunguko miwili, funika na kisigino, kisha panda, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, uishie vidole viwili chini ya goti. Vuta kwa nguvu moja tangu mwanzo. Mguu wenyewe ni mwembamba chini na mnene juu, kwa hiyo mbano utakuwa mkubwa kifundoni na kupungua ukipanda, bila wewe kuhangaika. Watu huanzia juu ya kifundo, na matokeo yake unyayo unavimba kama andazi. Ukimaliza bonyeza ukucha wa kidole gumba: wekundu urudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au maumivu yakiongezeka ukilala, fungua mara moja.

Na tembea. Kigimbi ni pampu, bandeji ni ukuta wake; mtu aliyefunga bandeji kisha akakaa kwenye kiti asubuhi hadi jioni amejenga ukuta bila pampu.

Nilihamia Moshi kutoka Tanga. Mguu umevimba hadi juu ya unyayo na vidole, hauumi. Ni matende au mishipa? — Mama wa Pasua

Jaribu kubana ngozi ya juu kwenye shina la kidole cha pili cha mguu na kuinyanyua. Ikikataa kunyanyuka, njia za limfu, yaani za majimaji ya mwili, ndizo zenye shida, na kwa aliyeishi mwambao matende huja kwanza akilini. Ikinyanyuka, na unyayo umevimba kidogo kuliko kigimbi, tazama vena. Mtu aliyelima pekupeku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkeno anaweza kupata uvimbe kama wa matende bila minyoo yoyote. Huanzia unyayoni, kwa kawaida miguu yote miwili, na viatu ni sehemu ya tiba. Kama unameza amlodipini ya presha, nayo huvimbisha, lakini huwa miguu yote. Osha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushe katikati ya vidole, tibu fangasi wa hapo, kisha uende ukapimwe damu na ultrasaundi, ukimweleza daktari umeishi wapi na miaka mingapi.